Kubadili Maandishi katika Picha za Kurasa za Tovuti: Jinsi ya Kuchagua Chombo Kifaacho

Katika kata ya Kerenge, wilayani Korogwe, kama ilivyo katika kata nyingine nyingi za Tanzania, mambo ambayo zamani mtu aliyasoma katika karatasi iliyobandikwa ukutani sasa huyasoma katika kioo cha simu. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne ni mfano ulio wazi. Baraza la Mitihani la Tanzania huyatoa katika tovuti yake, na ukurasa wenyewe umepangwa chini ya vichwa vya Kiingereza, vingine vikiwa vimefupishwa: CNO, SEX, AGGT, DIV, DETAILED SUBJECTS. Mzazi aliyezoea Kisambaa nyumbani na Kiswahili sokoni hukutana hapo na lugha ya tatu, tena iliyokatwakatwa. Hapana budi aeleweshwe, na njia iliyo nyepesi ni kumpa karatasi yenye picha ya ukurasa huo pamoja na maelezo kwa lugha aijuayo.

Mwalimu anayetaka kuitengeneza karatasi ya namna hiyo huanza kwa kupiga picha ya skrini, yaani nakala ya kile kinachoonekana katika kioo cha kompyuta au cha simu kwa wakati ule. Mara huona ya kuwa picha hiyo haimfai kama ilivyo. Ina namba ya mtahiniwa wa kweli, ambaye hakuomba kuwa mfano wa wengine. Ina maneno ambayo msomaji hayaelewi. Pengine alama zake hazionyeshi lile ambalo mwalimu anataka kulieleza. Hivyo hutaka kuyabadili maandishi, na hapo huuliza: ni programu gani ifaayo kazi hii?

Swali hilo hujibiwa mara nyingi kwa kutaja jina la programu moja tu, kana kwamba kazi yote ni ya namna moja. Jibu hilo halitoshi. Chombo hakichaguliwi kwa sifa zake peke yake. Huchaguliwa kwa kazi inayokusudiwa, na kazi yenyewe hujulikana kwa kuuliza msomaji atafanya nini baada ya kuiona picha. Asiyeuliza hivyo huweza kutengeneza picha safi sana ambayo inampoteza msomaji.

I. Picha ya maandishi si maandishi

Yafaa kwanza kueleza kwa nini jambo hili lina ugumu. Katika ukurasa wa tovuti, neno ni mfuatano wa herufi. Kompyuta huijua kila herufi kwa namba yake, nacho kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za tovuti, huichora kwa umbo na ukubwa ulioagizwa. Picha ya skrini inapopigwa, ujuzi huo wote hupotea. Kinachobaki ni vitone vya rangi, viitwavyo pikseli, vilivyopangwa kwa safu. Neno DIV halipo tena. Yapo mabaka meusi juu ya uwanja mweupe, ambayo jicho la binadamu huyasoma kuwa DIV.

Tena mabaka hayo si meusi matupu. Picha ikikuzwa sana, kingo za herufi huonekana kuwa na vitone vya kijivu, na katika baadhi ya kompyuta vya rangi nyingine, vilivyowekwa ili jicho lione mviringo laini. Kwa hiyo mtu akifuta herufi moja na kuandika nyingine kwa fonti iliyo tofauti kidogo tu, jicho hugundua mara moja, hata kama mwenye jicho hawezi kusema kasoro iko wapi.

Namna ya kuhifadhi faili nayo ina sehemu yake. Faili za JPEG zilibuniwa kwa ajili ya picha za kamera. Hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ya habari, na hasara hiyo huonekana zaidi penye kingo kali kama za herufi, ambapo hutokea kama vumbi linaloyazunguka maneno. Faili za PNG hazitupi kitu. Basi picha ya skrini ihifadhiwe kwa PNG tangu mwanzo mpaka mwisho. JPEG ikishaharibu kingo, kuigeuza kuwa PNG hakuzirudishi.

II. Makusudi ya kubadili

Mtu huyabadili maandishi ya picha kwa moja ya makusudi manne. La kwanza ni kufasiri, ili msomaji aelewe maneno ya lugha ngeni. La pili ni kutoa mfano, yaani kuweka namba au majina ya kubuni badala ya yale ya kweli. La tatu ni kusitiri, yaani kuficha habari za mtu. La nne ni kughushi, yaani kumfanya msomaji aamini ya kuwa ukurasa ulisema jambo ambalo haukulisema.

Makusudi matatu ya kwanza ni halali na yana manufaa. La nne ni kosa. Lakini vyombo havitambui tofauti hiyo. Programu inayomsaidia mwalimu kuweka alama za mfano ndiyo inayoweza kumsaidia mlaghai kuweka alama za uongo. Kwa sababu hiyo uteuzi wa chombo ni suala la uaminifu pia.

III. Kutobadili, na kubadili kabla ya kupiga picha

Kabla ya kutafuta chombo chochote, ni vema kuangalia kama haja ya kubadili ipo. Tovuti nyingi za serikali ya Tanzania zina kurasa za Kiswahili na za Kiingereza, na msomaji huweza kuchagua. Programu nyingi nazo zimekwisha kufasiriwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na tangu hapo kampuni kubwa za nje nazo zimetoa programu zao kwa lugha hii. Mahali ambapo Kiswahili kipo tayari, kupiga picha ya ukurasa wa Kiingereza na kuubandika Kiswahili cha mkono ni kazi ya bure. Tena huleta istilahi ambazo msomaji hatazikuta katika ukurasa wenyewe.

Ikiwa haja ipo, njia iliyo bora kwa kazi nyingi ni kuyabadili maandishi kabla ya picha kupigwa, yangali bado herufi. Vivinjari vya kompyuta kama Firefox na Chrome vina sehemu ya wahandisi, ambayo kwa kawaida hufunguliwa kwa kubonyeza F12. Humo mtu huweza kuliona neno katika msimbo wa ukurasa na kuliandika upya. Iko na njia fupi zaidi: katika sehemu ya maagizo iliyo humo huandikwa document.designMode = "on", na ukurasa mzima huwa kama karatasi ya kuandikia. Ukurasa wa kweli haubadiliki kwa mtu mwingine yeyote. Mabadiliko yamo katika kompyuta ya mwenye kuyafanya, na ukurasa ukifunguliwa upya hutoweka.

Ubora wa njia hii ni kwamba kivinjari chenyewe ndicho kinachochora. Fonti ni ileile, kingo ni zilezile, na neno likiwa refu kivinjari hupanua safu au huvunja mstari kama kilivyozoea. Jambo hili lina uzito katika Kiswahili. Neno Save lina herufi 4, na Hifadhi 7. Settings lina 8, na Mipangilio 10. Kichwa AGGT chenye herufi 4 kikifasiriwa kuwa Jumla ya Pointi huwa na herufi 13, bila kuhesabu nafasi. Anayepaka rangi juu ya picha hulazimika kulibana neno refu katika nafasi ya neno fupi. Anayebadili katika kivinjari huona nafasi ikijipanua yenyewe.

Pana tahadhari tatu. Ya kwanza, kivinjari huweza kuchora mistari myekundu chini ya maneno ya Kiswahili, kwa kuyadhani kuwa Kiingereza kilichokosewa. Ukaguzi huo wa tahajia uzimwe kabla ya kupiga picha. Ya pili, ukurasa ukuzwe kwanza, kwa mfano hadi asilimia 200, ikiwa picha itachapishwa. Picha yenye upana wa pikseli 1,366, ikichapishwa kwa pikseli 300 kwa inchi, hupata upana wa sentimita 11.6 hivi, na maandishi madogo ya jedwali huwa vigumu kusomeka. Ya tatu, alama ya ritifaa katika maneno kama ng'ombe na king'amuzi iandikwe kwa namna moja kila mahali, kwani ipo iliyonyooka na ipo iliyopinda, na mbili zikichanganywa katika picha moja huonekana.

IV. Upatanisho wa sarufi na wa hesabu

Aliye na chombo kizuri huweza bado kukosea kwa kusahau ya kuwa neno halisimami peke yake. Katika Kiswahili sentensi imefungwa kwa upatanisho wa ngeli. Penye maneno Kitabu 1 kimeongezwa, haiwezekani kuigeuza namba kuwa 3 na kuacha mengine. Hapana budi yawe Vitabu 3 vimeongezwa. Jina na kitenzi vyote viwili hubadilika, na hubadilika mwanzoni mwa neno, ambapo jicho huanzia. Kwa upande mwingine Kiswahili humpunguzia mtu kazi mahali ambapo Kiingereza humwongezea. Asha amebadili picha yake huwa Juma amebadili picha yake bila kugusa neno jingine, kwa sababu Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika viambishi vyake.

Hesabu nayo ina upatanisho wake, na ukurasa wa matokeo waonyesha hivyo. Kwa utaratibu uliotumika katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2023, alama A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, na masomo 7 yaliyo bora ya mtahiniwa hujumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la I, 18 hadi 21 la II, 22 hadi 25 la III, na 26 hadi 33 la IV. Na achukuliwe mtahiniwa wa kubuni mwenye C katika Uraia, D katika Historia, C katika Jiografia, B katika Kiswahili, D katika Kiingereza, C katika Biolojia na F katika Hisabati. Jumla yake ni 24, na daraja ni la III. Mwalimu akigeuza alama ya Biolojia kuwa F ili kuonyesha somo lililoanguka, jumla hupanda hadi 26, na daraja huwa la IV. Akisahau kubadili safu za AGGT na DIV, picha yake itafundisha hesabu ya uongo. Wala hakuna programu itakayomwonya.

V. Kubadili baada ya picha kupigwa

Mara nyingine ukurasa haupo tena, au mtu amepewa picha tu. Hapo huhitajiwa kihariri picha. Programu kama GIMP, ambayo hupatikana bila malipo, hufanya kazi kwa matabaka: picha huwekwa chini, kipande cha rangi ya uwanja huwekwa juu ya neno la zamani, na neno jipya huandikwa katika tabaka la tatu. Kwa kuwa kila tabaka hubaki peke yake katika faili ya kazi, kosa husahihishwa bila kuanza upya. Programu nyepesi ambazo huyachanganya maandishi na picha mara tu yanapoandikwa zafaa kwa kazi ya dakika moja, si kwa kitabu.

Programu za michoro kama Inkscape zafaa zaidi pale ambapo picha moja itatolewa kwa lugha kadhaa. Picha ya skrini huwekwa kama msingi, na maneno yaliyo juu yake huhifadhiwa kuwa maandishi kamili. Mwingine akija kuifasiri kwa Kisambaa au Kizigua, hubadili maneno tu na kuuacha msingi ulivyo.

Siku hizi kuna pia programu za akili mnemba, ambazo huagizwa kwa maneno nazo huchora picha upya. Kwa kazi hii ni lazima zitumiwe kwa hadhari kubwa, kwa kuwa programu ya namna hiyo huweza kuchora upya hata sehemu ambazo haikuagizwa kuzigusa. Tarakimu ya safu nyingine huweza kubadilika, au neno la Kiswahili likapata silabi isiyo yake, nalo likaonekana safi kabisa. Kosa la mkono hujionyesha kwa ubovu wake. Kosa la namna hii halijionyeshi.

VI. Wakati wa kuacha maandishi yalivyo

Sasa laja jambo ambalo ndilo kiini cha habari yote. Mzazi wa Kerenge akipewa picha ambamo vichwa vyote vimefasiriwa vizuri, yaani Namba ya Mtahiniwa, Jinsi, Jumla ya Pointi, Daraja na Masomo, ataielewa picha. Lakini siku atakapofungua ukurasa wenyewe katika simu ya mwanawe, hatayakuta maneno hayo. Atakuta CNO, AGGT na DIV, na picha aliyopewa haitamsaidia, kwa kuwa ilimwondolea lile ambalo alihitaji kujifunza kulitambua. Tafsiri imekuwa pazia badala ya dirisha.

Kwa hiyo yafaa kuzitenga hali mbili. Ikiwa ukurasa utakuwa wa Kiswahili msomaji atakapoufikia, kama ilivyo kwa mfasiri anayeandaa mwongozo wa programu inayokaribia kutolewa kwa Kiswahili, basi maneno yabadilishwe ndani ya picha. Ikiwa ukurasa utabaki wa Kiingereza, maneno yake yaachwe, na Kiswahili kiwekwe pembeni kwa mshale au kwa namba: 1, namba ya mtahiniwa, 2, jinsi, 3, jumla ya pointi, na kadhalika. Kazi hii haihitaji programu kubwa. Mwenye simu tu huweza kuifanya kwa kalamu ya programu ya picha, na asiye na hiyo huweza kuchapisha picha, kuandika kwa mkono pembeni, na kuipeleka kwenye mashine ya kunakili. Katika hali hii kalamu ya wino ni chombo bora kuliko programu ya bei kubwa, kwa sababu inaongeza bila kufuta.

VII. Kusitiri na uaminifu

Kusitiri kuna kanuni yake: kilichofichwa kiwe kimeondoka kweli. Watu wengi hulitia neno ukungu au huligeuza kuwa miraba mikubwa, wakidhani ya kuwa limefichika. Lakini ukungu na miraba hutokana na neno lenyewe, na pengine huwezekana kukisia neno lililo nyuma yake, hasa likiwa namba ya tarakimu chache. Kufunika kwa mraba mweusi ndani ya hati ya ofisi nako hakutoshi, kwa kuwa picha kamili imo bado chini ya mraba huo. Hata kukata picha kumewahi kuwahadaa watu. Mwezi Machi 2023 ilidhihirika ya kuwa programu ya kuhariri picha katika simu za Google Pixel, na baadaye programu za kukata picha za Windows, zilikuwa zikiacha ndani ya faili sehemu ya data ya picha iliyokatwa, hata ikawezekana kuirudisha. Kasoro hizo zilirekebishwa, lakini picha zilizokwisha kusambazwa hazikurekebishika.

Njia ya salama zaidi ni ileile ya kubadili kabla ya kupiga picha. Namba ya kweli ikiondolewa katika kivinjari na kuwekwa namba isiyo ya mtu, kama S0000/0001, picha haikuwahi kuwa na siri ya kufichuliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imewakumbusha Watanzania ya kuwa habari za mtu si mali ya kila azipataye. Mtoto aliyepata daraja la 0 asifanywe kielelezo katika karatasi itakayosomwa na jirani zake.

Imesalia tofauti kati ya mfano na ughushi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yaharimisha kuingiza, kubadili au kufuta data ya kompyuta hata ikawa data isiyo halisi, kwa nia ya kwamba ichukuliwe kuwa halisi. Neno lililo kubwa hapo ni nia, na katika karatasi nia huonekana kwa maelezo yaliyo chini ya picha. Mwalimu aandike waziwazi: Picha hii ni ya mfano, namba na alama si za mtahiniwa yeyote. Tena maneno hayo yawekwe ndani ya picha yenyewe, si chini yake tu, kwa sababu picha hukatwa na kutumwa peke yake kutoka simu hadi simu, na maelezo yaliyo nje hubaki nyuma.

Basi anayekabiliwa na kazi hii aulize kwa mpangilio. Je, ukurasa wa Kiswahili upo? Ukiwapo, aupige picha huo. Je, msomaji atakutana na maneno yaleyale ya Kiingereza? Akiwa atakutana nayo, ayaache na kueleza pembeni. Je, ukurasa ungali wafunguka? Ukifunguka, abadili katika kivinjari kabla ya kupiga picha. Usipofunguka, atumie kihariri chenye matabaka. Na kwa kila njia, asome picha iliyokamilika kama mtu asiyeijua: apitie ngeli, ajumlishe pointi, kisha atazame kama imeandikwa humo ya kuwa ni mfano. Mzazi wa Kerenge hatauliza picha ilitengenezwa kwa programu gani. Atataka kujua mwanawe amepata daraja gani, naye ana haki ya kulisoma mwenyewe.